Kompyuta mpakato za bei ghali: unalipia nini, na nini kimeondolewa

Kila malipo ya korosho yanapotoka, swali moja hurudi kwenye simu za kituo chetu. Mzazi ana mtoto aliyepata nafasi chuoni. Mtoto anataka kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi tunavyosema. Dukani kuna ya laki tano na kuna ya milioni tatu, na kwa macho zote zina kioo na vitufe. Mzazi anauliza: hiyo milioni mbili na nusu inakwenda wapi?

Vijana nao hubishana juu ya jambo hilohilo kwa namna yao. Upande mmoja husema kompyuta nyembamba ya bei ghali ni fahari tupu. Upande mwingine husema cha bei rahisi kitakugharimu mara mbili. Ubishi huu haukuanzia Ndanda wala Masasi. Umeendelea duniani kote kwa karibu miaka 20, na ndani yake kuna mambo ambayo mtu anayekaa mbali na mafundi wakubwa anapaswa kuyajua kabla hajatoa fedha.

Kwa urahisi, kila tunapotaja dola tutahesabu shilingi 2,500 kwa dola moja. Si bei ya leo benki, ni ya kutusaidia kupiga hesabu tu.

Kilichomo ndani ya sanduku

Fikiria ghala la chama cha msingi wakati wa msimu. Kuna mpokeaji anayepima na kuandika. Kuna eneo la wazi mbele ya mizani ambapo magunia hushushwa ili yashughulikiwe. Na kuna ghala lenyewe nyuma, ambako magunia hukaa.

Prosesa ni yule mpokeaji. Akiwa mwepesi, foleni inakwenda. RAM ni lile eneo la mbele ya mizani: likiwa dogo, hata mpokeaji hodari atasimama akisubiri magunia yaondolewe ndipo mengine yashushwe. Diski ni ghala. Umeme ukizimika, kilichoko kwenye RAM kinapotea, kilichoko kwenye diski kinabaki.

Watu wengi wanaolalamika kuwa kompyuta yao ni nzito hulaumu prosesa, lakini mara nyingi tatizo ni RAM ndogo au diski ya zamani. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono mdogo unaosoma juu yake, kwa hiyo ni polepole na haipendi kutikiswa. Ukiibeba mgongoni juu ya bodaboda ikiwa bado inafanya kazi, unaweza kuiua. Diski ya kisasa, inayoitwa SSD, haina kitu kinachozunguka. Kompyuta ya zamani ikivuliwa diski ya sahani na kuvishwa SSD hubadilika kiasi kwamba mwenyewe huidhani mpya. Hiyo ndiyo shilingi yenye faida kuliko zote katika biashara hii, na haihitaji kununua mashine ghali.

Bei inapopanda sana, unalipia pia kioo chenye mwanga mkali na rangi sahihi, bodi ya alumini badala ya plastiki, betri inayokaa saa nyingi, uzito mdogo, na kazi ya wabunifu waliobana kila milimita. Hapo kwenye milimita ndipo ugomvi ulipoanzia.

Bahasha ya kaki

Januari 2008, huko San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisimama jukwaani akiwa na bahasha ya kaki, ile ya ofisini ya kuwekea nyaraka. Akaifungua na kutoa kompyuta. Ilikuwa MacBook Air ya kwanza, na ukumbi ukashangilia. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,799, yaani karibu milioni 4.5 kwa hesabu yetu.

Ili iingie kwenye bahasha, vitu vingi vilibaki nje. Haikuwa na sehemu ya kuwekea CD. Haikuwa na tundu la waya wa mtandao. Ilikuwa na tundu moja tu la USB. Betri haikutoka kwa kubonyeza kama ilivyozoeleka, na RAM ilikuwa imeunganishwa kwa risasi moja kwa moja kwenye bodi kuu, kwa hiyo uliyoinunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Wapo waliocheka: milioni nne na nusu kwa mashine yenye tundu moja? Baada ya miaka michache karibu kila kampuni ilikuwa inatengeneza mashine za namna ile. Watu walipenda wepesi. Waliokuwa wakitembea na kilo tatu begani hawakutaka kurudi nyuma.

Mwaka 2012 Apple ilikwenda hatua nyingine kwenye MacBook Pro yenye kioo kipya cha Retina. RAM ilichomelewa kwenye bodi na betri ikagandishwa kwa gundi ndani ya bodi ya nje. iFixit, kampuni ya Marekani inayofungua vifaa na kuvipa alama kwa urahisi wa kutengenezeka, iliipa alama 1 kati ya 10. Mashine ileile iliyosifiwa kuwa bora sokoni ilikuwa karibu ya mwisho kwa fundi.

Hoja ya wabunifu

Tusiwaonee wabunifu. Kuchomelea RAM kwenye bodi si hila tupu ya kumlazimisha mteja, ingawa fedha zimo. Kipande cha RAM cha kuchomoa kinahitaji kishikio, kishikio kinahitaji nafasi, na njia ya umeme inakuwa ndefu. Kikiwa karibu na prosesa, data hukimbia haraka zaidi na umeme unaotumika ni mdogo.

Novemba 2020 Apple ilitoa prosesa yake ya M1, na RAM ikakaa kwenye kifurushi kimoja na prosesa. MacBook Air ya M1 haikuwa na feni kabisa. Ilianza kuuzwa dola 999, betri yake ilikaa mchana kutwa kwa kazi za kawaida, na haikupata moto mapajani. Hata wapinzani wa Apple walikiri kuwa hapo kuna kitu.

Mfano unaotuvutia zaidi ni wa kampuni ndogo ya Framework ya San Francisco, iliyoanzishwa na Nirav Patel. Mwaka 2021 ilianza kuuza kompyuta mpakato ambayo mwenyewe anaifungua kwa bisibisi inayokuja nayo, anabadilisha kioo, kibodi, betri, RAM, hata bodi kuu. Kampuni nzima imejengwa juu ya wazo la kutengenezeka. Lakini Februari 2025, ilipotangaza kompyuta yake ya mezani inayotumia prosesa mpya ya AMD, RAM ilikuwa imechomelewa. Ilieleza kuwa kwa prosesa ile, kasi inayotakiwa isingepatikana kwa RAM ya kuchomoa. Basi hata mtetezi mkuu wa kutengenezeka alifika mahali akalazimika kuchagua.

Kinachobaki kama lawama halali ni bei. Kwa miaka mingi Apple ilitoza dola 200 kutoka RAM ya GB 8 kwenda GB 16. Hiyo ni laki tano. Ukichukua bei ya korosho ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni kama magunia mawili ya korosho ghafi, kwa kitu ambacho kama kingekuwa cha kuchomoa ungekinunua dukani kwa sehemu ya fedha hizo. Na kwa kuwa huwezi kuongeza baadaye, unalazimika kuamua siku ya kwanza, wakati bado hujui utaihitaji kiasi gani. Ni Oktoba 2024 tu ndipo Apple ilipoanza kuzipa kompyuta zake mpya GB 16 kama kiwango cha chini.

Vumbi, na kibodi iliyogharimu dola milioni 50

Msikilizaji wa Newala anaijua barabara wakati wa kiangazi. Vumbi jekundu huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Kwa hiyo kisa hiki tunakisimulia kwa kituo.

Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook ndogo ya inchi 12 yenye kibodi ya aina mpya. Vitufe vyake vilishuka kidogo sana vinapobonyezwa, na sababu ilikuwa ileile: kupunguza unene. Kibodi hiyo ikaingia kwenye MacBook Pro na baadaye MacBook Air. Kisha malalamiko yakaanza. Punje ndogo ya uchafu ikiingia chini ya kitufe, kitufe kilikwama au kiliandika herufi mara mbili. Kwa kuwa kibodi ilikuwa imefungwa pamoja na sehemu ya juu ya bodi na betri, kubadilisha kitufe kimoja kuligeuka kuwa kazi ya kubadilisha nusu ya mashine.

Juni 2018 Apple ilitangaza mpango wa kuzitengeneza bure. Novemba 2019 ikarudi kwenye kibodi ya mtindo wa zamani. Mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani, bila kukiri kosa. Wateja hao wengi waliishi mijini, kwenye nyumba za vioo na barabara za lami.

Huku kwetu kuna na salfa. Kuanzia Juni hivi, wakulima wanapopuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, hewa ya kijiji kizima hubadilika. Salfa hula shaba na fedha, na ndani ya kompyuta njia za umeme zimejaa madini hayo. Kompyuta yenye feni huvuta hewa ya nje na kuipitisha juu ya bodi. Isiyo na feni haivuti. Kwa hiyo, jambo la kushangaza kidogo, mashine ghali isiyo na feni inaweza kuyavumilia mazingira yetu vizuri kuliko ya bei nafuu yenye matundu, ila ikiharibika ndiyo ngumu kutengenezwa. Vyovyote iwavyo, siku ya kupuliza ifunge kompyuta ndani ya begi, usiiache wazi barazani.

Umbo likishinda kazi

Si kompyuta za kubeba tu zilizonaswa. Mwaka 2013 Apple ilitoa Mac Pro, mashine ya mezani kwa ajili ya watengeneza filamu, wanamuziki na wahandisi, kuanzia dola 2,999. Ilikuwa na umbo la mcheduara, nyeusi, inayong'aa. Watu waliibatiza jina la pipa la taka. Ndani, vitu vyote vilipoozwa na bomba moja la katikati na feni moja. Lilikuwa wazo zuri hadi soko lilipotaka kadi moja kubwa ya picha badala ya mbili ndogo. Bomba lile halikuweza kupooza joto la upande mmoja namna hiyo. Kwa miaka mashine ilikaa bila mabadiliko ya maana. Aprili 2017 wakuu wa Apple waliwaita waandishi wachache na kukiri kwamba umbo lile liliwafunga kwenye kona ya joto.

Mac Pro iliyofuata, ya 2019, ilirudi kuwa sanduku linalofunguka, lenye nafasi za kuongeza kadi na RAM. Bei ilianza dola 5,999. Ukitaka magurudumu manne ya kulisukuma, uliongeza dola 400. Milioni moja ya shilingi kwa magurudumu! Na toleo la 2023 likabaki na sanduku lilelile kubwa, lakini RAM haiongezeki tena.

Hapa kituoni kazi ya kuhariri sauti tunaifanyia kwenye sanduku la mezani lisilovutia hata kidogo. Kifuniko kinatoka kwa skrubu mbili. Hakuna mgeni aliyewahi kulisifu.

Kompyuta nyeusi za ofisini

Upande wa pili wa ubishi huu una mashine yake ya heshima. ThinkPad ilianza mwaka 1992 chini ya IBM ya Marekani. Mbunifu wake, Mjerumani Richard Sapper, alichukua wazo la kisanduku cha chakula cha Kijapani: nje cheusi na wazi, ukifungua ndani unakuta vitu vimepangwa. Katikati ya vitufe kuna kinundu chekundu cha kusogezea mshale. Mwaka 2005 IBM iliuza biashara hiyo kwa Lenovo ya China, lakini sura ilibaki.

Hizi nazo zikiwa mpya ni ghali. Ila fedha inakwenda kwingine: bawaba ngumu, kibodi nzuri, kwenye matoleo mengi vijitundu vya kutolea maji chai ikimwagika, na kitabu cha matengenezo ambacho kampuni inakiweka wazi ili fundi yeyote asome hatua kwa hatua. Dell Latitude na HP EliteBook ni za ukoo huohuo.

Ziliundwa kwa ajili ya makampuni makubwa. Makampuni hayo huzibadilisha kila baada ya miaka michache, hata zikiwa nzima, na zile za zamani husafirishwa kwa makontena. Ndiyo sababu unazikuta Kariakoo, na ndiyo sababu mashine iliyouzwa mpya kwa bei ya pikipiki unaipata kwa bei ya mbuzi kadhaa. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ni mfano mzuri. Ina nafasi mbili za RAM ya kuchomoa, na betri mbili: moja ndani, nyingine inachomoka kwa nyuma bila kuzima kompyuta. Umeme ukikatika jioni nzima, unaweka betri ya akiba na kazi inaendelea.

Lakini Lenovo hiyohiyo ina ThinkPad X1 Carbon, nyembamba, ambayo RAM yake imechomelewa. Na kwa miaka kadhaa hata mfululizo wa T ulipoteza sehemu ya uhuru wake kabla ya T14 ya kizazi cha tano, ya mwaka 2024, kurudi na nafasi mbili za RAM na kupewa alama 9 kati ya 10 na iFixit. Kwa hiyo usinunue jina. Uliza toleo.

Nchi maskini na kompyuta ghali: si jambo jipya

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikitoka Uingereza. Mashine za siku hizo zilijaza chumba, na zilihitaji wataalamu wa nje, vipuri vya nje na fedha za kigeni. Mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali. Marufuku hiyo ililegezwa polepole miaka iliyofuata. Leo wengi huitaja kama kichekesho, lakini ndani yake kulikuwa na swali la kweli: bei ya kununua ni mwanzo tu, nani atakayeitengeneza?

Jaribio la upande wa pili lilikuja mwaka 2005, Nicholas Negroponte alipotangaza kompyuta ya mtoto kwa dola 100. Ilikuwa ya plastiki ya kijani na nyeupe, kibodi yake ya mpira haikuingiza vumbi, kioo kilisomeka juani, na ilitumia umeme mdogo sana. Kwa ubunifu, ilitufaa sisi wa vijijini kuliko mashine yoyote ya dola 2,000. Ilipoanza kuzalishwa mwaka 2007 iligharimu karibu dola 188. Rwanda ilinunua nyingi, nchi nyingine zilisita, na baadaye simu za kupapasa na vishikwambi vikachukua nafasi. Kenya iliwaahidi wanafunzi wa darasa la kwanza kompyuta mpakato mwaka 2013, ikaishia kugawa vishikwambi. Hapa kwetu, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 vilipelekwa kwa walimu.

Kishikwambi ni kizuri kwa kusoma na kujaza fomu. Kwa kuandika ripoti ya kurasa 40 au kutunza hesabu za chama, vidole vitakuchoka.

Hesabu ya mtu wa Ndanda

Mtu wa Dar es Salaam kompyuta yake ikizima hupanda daladala kwenda kwa fundi. Wa kwetu ana safari ya zaidi ya kilomita 500, au anaikabidhi kwa kondakta wa basi na kuomba Mungu. Fundi wa Masasi mjini anaweza kubadilisha diski, RAM, feni, kibodi ya kawaida, chaja na betri inayochomoka. Kuondoa betri ya gundi bila kuitoboa, au kuchomoa kipande kilichochomelewa bodini, kunahitaji vifaa ambavyo hatutegemei kuvikuta kila mahali. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto, hilo si la kujaribia nyumbani.

Betri zote huzeeka. Apple yenyewe hukadiria MacBook za sasa kwa mizunguko 1,000 ya kuchaji kabla nguvu haijashuka kwa kiasi cha kuonekana. Anayechaji mzunguko mmoja kwa siku atafika huko kwa miaka mitatu hivi. Kwa hiyo kabla ya kununua uliza: betri ya toleo hili inabadilishwaje, nani ataibadilisha, na kwa shilingi ngapi pamoja na nauli? Muuzaji akikosa jibu, ongeza gharama hiyo kwenye bei yake wewe mwenyewe.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Mtwara na Lindi tumekaa muda mrefu tukitegemea mitambo yetu ya gesi nje ya gridi ya Taifa, na tunajua kukatika. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hutumia wati 100 hadi 200 na huzima papo hapo umeme ukikatika. Kompyuta mpakato hutumia wati 15 hadi 30 kwa kazi za kawaida na ina betri yake. Betri ya MacBook Air ya M1 hubeba karibu wati-saa 50. Paneli ya sola ya wati 100 ikipata jua zuri inaweza kuijaza zaidi ya mara moja kwa siku. Kwa kijiji kisicho na nguzo, hapo ndipo mashine ghali inapojitetea vizuri kuliko mahali pengine popote.

Kodi usiisahau. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18. Ukiona bei ya nje mtandaoni, hiyo siyo utakayolipa dukani.

Nani anunue nini

Kwa mwanafunzi wa ualimu, sheria, uhasibu au uuguzi, maoni yetu ni kompyuta ya ofisini iliyotumika, yenye SSD na RAM ya GB 8 inayoweza kuongezwa. Fedha itakayobaki ilipe chumba. Kwa karani wa chama cha msingi au mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, ni hiyohiyo, pamoja na betri ya akiba na diski ya nje ya kunakilia kumbukumbu kila jioni. Mashine ikiibwa au ikifa, daftari la wakulima lisife nayo. Hilo ni muhimu kuliko chapa yoyote.

Kijana anayehariri video za harusi au kurekodi muziki ana hoja ya kununua ghali, kwa sababu kwake saa ni fedha. Kazi inayochukua usiku mzima kwenye mashine ya laki tano inaweza kuisha kwa saa moja kwenye ya milioni tatu. Lakini achukue RAM kubwa tangu mwanzo kama imechomelewa, na awe na wateja tayari. Kununua mashine ya milioni tatu kwa matumaini ya wateja watakaokuja ni kamari.

Mwanafunzi wa uhandisi au usanifu majengo asinunue kabla hajaripoti chuoni. Baadhi ya programu wanazofundishiwa haziendi kwenye kompyuta za Apple. Asubiri wiki mbili, aulize walimu wake, ndipo anunue.

Ukinunua iliyotumika

Soma namba ya prosesa. Kwa Intel ikiandikwa i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakwambia ni kizazi cha nane. Ikiandikwa i5-7200U, ni cha saba. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda, na Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha nane au zaidi. Makontena yanayokuja sasa yamejaa mashine za kizazi cha sita na saba kwa sababu hiyohiyo: wenyewe wamezitupa. Bado zinaweza kufanya kazi kwa mfumo wa bure kama Ubuntu, ila bei yake iwe chini kwa kiasi cha kueleweka. Muuzaji akikwambia bei ni ileile, mwachie.

Ikiwa ni ya Apple, jihadhari na kufuli. MacBook nyingi za kuanzia 2018 hufungwa kwa akaunti ya mwenyewe. Ikiwa iliibwa, au mwenye nayo wa kwanza hakujitoa, siku utakapoifuta na kuianzisha upya itadai nenosiri usilolijua, na hakuna fundi wa haki atakayekufungulia. Mwambie muuzaji aifute na kuiwasha mbele yako hadi ifike kwenye ukurasa wa kuandika jina jipya, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Mashine za makampuni nazo hufungwa kwa nenosiri la ndani au hubaki chini ya usimamizi wa kampuni ya zamani, kwa hiyo kipimo ni hichohicho.

Kisha chomoa chaja na uiache iwake kwa dakika 20 huku ukipiga soga na mwenye duka. Betri iliyokwisha itajionyesha yenyewe kabla soga halijaisha. Bonyeza vitufe vyote kimoja kimoja. Tikisa kioo kwenye bawaba. Ingiza flashi kwenye kila tundu. Na uombe risiti yenye namba ya mashine, siyo kipande cha karatasi kilichoandikwa "laptop moja", kwa sababu polisi wakikusimamisha njiani na kifaa kisicho na risiti, maelezo yatakuwa marefu.